Mtumbwi wa Jumapili, Mtihani wa Jumatatu

Tangu nirudi nimeshasikia habari zangu mara tatu, na kila mara ni tofauti. Sokoni Koboko wanasema nilifukuzwa mafunzoni kwa sababu sijui kuogelea. Kule Oli, mtaa wa Arua nilikopanga chumba, jirani mmoja alimwambia mwenye nyumba kwamba nimezama, na mwenye nyumba akaanza kuulizia mpangaji mwingine. Ninyi mnaosoma nami mnauliza jambo moja tu: Kiden, kwa nini hukufanya mtihani? Nimeona niwaandikie wote kwa pamoja. Mambo ya fomu, picha na barua za utambulisho nitayaruka, maana hata mimi yalinichosha.

Kwa asiyejua: nasoma hisabati, mwaka wa pili, hapa Arua. Mwaka jana nilichaguliwa katika mpango unaofundisha wanafunzi wa vyuo kuwa maafisa wa jeshi la majini. Muhula unasoma kama wenzako, likizo ndefu unakwenda ziwani. Ukimaliza shahada na mafunzo yote, unavishwa nyota. Wakati wa mitihani iliyopita nililazwa na malaria, karatasi moja ikanipita. Chuo kikanipangia kuifanya Jumatatu pamoja na wengine walioikosa, siku tatu tu baada ya wiki sita za mafunzo kwisha. Kwenye kalenda ilionekana rahisi.

Koboko hadi Arua

Baba alikuwa askari wa miguu, na baba yake vilevile, na babu yake. Nyumbani kwetu watu huhesabu vizazi kwa vikosi. Lakini hakuna aliyewahi kufanya kazi kwenye maji. Asubuhi ya kuondoka Baba alisimama mlangoni akaniangalia nikifunga begi.

"Askari ya maji," alisema. "Hapa Koboko iko maji gani?"

Mito yetu mingi unaivuka kwa kukunja sketi. Mama alimwambia aache kunisumbua, akanitilia angara wakavu kwenye mfuko, samaki wadogo wa kupikia njiani kana kwamba kwenye basi kuna jiko. Aliniuliza tu mara mbili kama huko watavaa suruali hata wasichana, nami nikamwambia ndiyo, na kitambaa cha kichwa wameniruhusu.

Arua nilipita chuoni kumuona Daktari Ezati, mhadhiri wa ile karatasi. Mnamfahamu. Alinipa mitihani ya miaka ya nyuma nifanyie mazoezi, akanikumbusha kwamba mlango wa chumba cha mtihani anaufunga nusu saa baada ya kuanza, hata aliye nje awe mwanawe wa kumzaa. Nilimwambia nitakuwepo saa moja kabla. Nilisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Arua hadi Kampala

Kwenye basi nilikaa na mfanyabiashara wa Ariwara, upande wa Kongo, aliyejitambulisha kama Mama Florida. Alikuwa amebeba vitenge vya kuuza Kampala, na katikati ya miguu yake kulikuwa na ndoo ya chakula. Aliniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia najifunza kuwa mwanamaji.

Aliitikia kwa heshima, akashughulika na vitenge vyake mpaka tulipopita Nebbi. Kisha akaanza kunishauri. Maji ya chupa kubwa hayana faida, alisema, afadhali yale ya vifuko vidogo. Nisikae upande wa jua. Nisiwaamini makondakta wanaoahidi kulipa wakirudi. Ilinichukua muda kufahamu kwamba anadhani naenda kuuza maji barabarani. Nilipomweleza kwamba ni jeshi, alinitazama kwa masikitiko zaidi kuliko mwanzo.

"Mutu anasoma chuo kikuu, halafu anaenda kukaa mu maji?" aliuliza. "Mama yako iko hai?"

Nikasema yuko hai. Akafungua ndoo, akanipa muhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki wa moshi kikubwa kuliko kiganja changu, akisema nile nikiwa bado nchi kavu.

Tulikaa karibu saa nne kabla ya daraja la Pakwach, kwa sababu lori lilikuwa limekufa katikati ya daraja na hakuna gari lililoweza kupita. Abiria walishuka. Nilitembea mpaka mahali nilipoweza kuuona mto vizuri. Nimevuka Nile pale mara nyingi nikiwa nimelala au nikisoma. Siku ile nilisimama na kuitazama, nikaona jinsi inavyokwenda kwa nguvu bila kelele, na kwa mara ya kwanza nikarudi nyuma hatua mbili. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote wa mpango ule kwamba sijawahi kuingia kwenye maji yaliyopita magoti. Kwenye fomu waliuliza kama naweza kujifunza kuogelea, nikaandika ndiyo.

Mama Florida alikuja akasimama kando yangu akitafuna karanga. Lori lilipovutwa, alinishika mkono tukarudi garini kama vile mimi ni mtoto wake. Kampala tuliachana kwenye umati wa kituo kabla sijamshukuru ipasavyo, kwa hiyo namshukuru hapa.

Kisiwani

Kutoka Kampala tulichukuliwa na gari la kikosi hadi gatini, kisha boti hadi kisiwa ambacho sitakitaja jina. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili kutoka vyuo mbalimbali, wasichana wanne. Tuliamka alfajiri, tukakimbia, tukafua, tukajifunza ramani za ziwa, mafundo ya kamba, injini, taa za vyombo. Kwenye ramani na mahesabu ya mwelekeo nilikuwa wa mbele, na nilijivuna kidogo. Kwenye lugha mambo yalikuwa mengine.

Mkufunzi wetu mkuu, Luteni Kombo, alikuwa mgeni kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu waliozaliwa na vyombo. Siku ya pili tulipanda boti ya mazoezi, akanyoosha kidole kwangu akasema kwa haraka kwamba niende omo na kamba. Sasa ninyi mnajua kwetu omo ni nini. Ni sabuni ya unga, ya aina yoyote. Nikaona ni ajabu lakini amri ni amri. Nikaruka gatini, nikakimbia hadi stoo, nikarudi nahema, kamba begani na pakiti ya sabuni mkononi.

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Luteni Kombo hakucheka. Alipokea ile pakiti, akatembea nayo taratibu hadi mbele kabisa ya boti, akaiweka pale.

"Hapa ndipo omo," alisema. "Nyuma ni tezi. Wewe Kiden, kwa wiki zote sita mahali pako ni hapa, na kamba ni yako."

Basi nikawa mtu wa omo. Nilijifunza kurusha kamba, kuipokea, kuikunja isijifunge, na kuita kila ninachokiona mbele: nyavu, magogo, mitumbwi. Niliipenda ile kazi kuliko nilivyotarajia. Uso wako ndio wa kwanza kupigwa na upepo, na wote walioko nyuma wanategemea macho yako.

Wiki ya nne likaja jaribio la kuogelea. Toka gatini hadi boya na kurudi, ukiwa na nguo za kazi. Atakayekuwa hajaweza hadi wiki ya sita anarudi kwao na habari inaishia hapo. Mimi sikufika hata nusu ya kwenda. Nilipiga maji kwa mikono na miguu kama kuku anayekimbizwa, nikameza ziwa, nikatolewa kwa ukosi wa shati. Jioni ile nilikaa nyuma ya jiko ili wenzangu wasinione, nikalia.

Aliyeniona ni mpishi wa kambi, Mama Atimango, Mualur wa Panyimur, kwa wavuvi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Aliposikia natoka Koboko alifurahi kama amempata ndugu, maana kule kisiwani sisi wawili tu ndio tuliotoka mkoa wa West Nile, na Kiswahili chetu kilikuwa kimoja. Hakunibembeleza. Aliniuliza kama nitaweza kuamka kabla ya filimbi.

Kuanzia kesho yake, kila alfajiri kabla ya kuwasha moto, alinipeleka kwenye ghuba ndogo nyuma ya stoo. Aliingia majini na gagulo lake refu, na kile kiwiliwili ambacho nchi kavu kilikwenda kwa shida, majini kilikuwa chepesi kama jani. Akaniwekea kiganja mgongoni.

"Nyara," aliniambia, yaani binti yangu kwa Kialur, "wewe napigana na maji. Maji hapana jua kama wewe iko askari. Lala tu. Acha masikio iingie."

Siku nne sikufanya lolote ila kulala juu ya maji na kiganja chake mgongoni. Siku ya tano niligundua kwamba kiganja hakipo, na alikuwa amesimama mbali akisuka nywele zake. Baada ya hapo akanifundisha miguu, kisha mikono, kisha kupumua. Alikuwa akirudi jikoni mbio na nguo mbichi ili uji usichelewe, na mara mbili ulichelewa, akagombezwa, wala hakusema sababu.

Ijumaa ya mwisho nilifika kwenye boya na kurudi. Nilikuwa wa kumi na mbili kati ya kumi na wawili, tena kwa mbali. Luteni Kombo alitazama saa, akaandika, akasema: "Umefika." Mama Atimango alikuwa mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi. Alirudi ndani kabla sijamfikia, na nilipoingia nilimkuta anafuta macho, akidai ni vitunguu. Vitunguu sikuviona.

Ziwani, Jumapili

Tulipaswa kuondoka Jumamosi asubuhi. Upepo ukakataa. Siku nzima ziwa lilikuwa la kijivu na mawimbi yalipanda gati, na mimi nilishinda na karatasi za Daktari Ezati magotini bila kuona hata mstari. Jumapili asubuhi kulitulia, tukaondoka. Nilipiga hesabu: gatini saa sita, Kampala saa nane, basi la alasiri, Arua kabla watu hawajalala. Ilitosha.

Tulikuwa karibu nusu ya njia nilipoona kitambaa chekundu upande wa kulia, mbali, kikipanda na kushuka. Ulikuwa mtumbwi, na watu walikuwa wanautoa maji.

Jambo hili nje ya nyumbani kwetu sijamwambia mtu, lakini mkiniuliza kilichotokea, nalo lilitokea. Mimi ndiye mtu wa omo. Hakuna mwingine aliyekuwa akitazama huko, wengi walisinzia. Na kabla ya kufungua mdomo nilihesabu saa. Nilijua tukigeuka sitalipata basi la alasiri. Nilivuta pumzi moja, ya pili, ya tatu, nikimwangalia mtu anayepunga kile kitambaa na kujiambia labda anasalimia tu. Pumzi tatu ni muda mrefu sana. Kisha nikaita.

Luteni Kombo aligeuza chombo papo hapo. Ndani ya mtumbwi walikuwamo watu sita, mmoja bibi mzee na mmoja mama mwenye mtoto mgongoni. Injini yao ilikuwa imezimika, ubao mmoja umefunguka, na maji yalishafika kwenye magoti ya waliokaa. Lakini wote walikuwa wamezungukwa na nyavu za wavuvi, na kama tungeingia zingejisokota kwenye panga la injini yetu tukawa wa kuokolewa sisi pia. Tulisimama umbali wa kama uwanja wa mpira wa wavu mara mbili. Kamba niliyorusha haikufika. Nikarusha tena, haikufika.

"Lazima mtu aipeleke," Luteni alisema. Aliangalia waogeleaji wetu wazuri, na wote walikuwa tezi, wakihangaika na nanga. Kamba ilikuwa mkononi mwangu na jaketi la kuokolea lilikuwa mwilini mwangu. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kiden, unaweza?"

Nilisema naweza. Akanifunga kamba kiunoni kwa mkono wake, akakagua fundo, nikaingia.

Maji yalikuwa baridi na mawimbi yakinifunika. Nilimeza moja. Mwili ukataka kupigana, nikaukataza. Nikalala chali kidogo, masikio ndani, mpaka moyo ukatulia. Kisha nikaenda, polepole, kama wa kumi na mbili kati ya kumi na wawili. Nyavu zilinigusa miguu. Nilipoinua kichwa, mkono wa yule mama mwenye mtoto ulikuwa tayari umenyooshwa. Nikafungua fundo kiunoni, nikampa mwisho wa kamba, akaupitisha kwa mwanamume aliyekuwa nyuma yake, wakaufunga mbele ya mtumbwi wao. Wenzangu wakavuta.

Hakuna aliyekufa. Yule bibi, alipopandishwa kwenye boti yetu, aliomba kwanza kiatu chake kilichobaki mtumbwini, na hakutulia mpaka kilipoletwa. Tuliwapeleka hadi mwalo wa kijiji chao, upande ambao si njia yetu. Wakatukatalia kuondoka bila kula. Nilikula samaki wa moto na viazi vitamu huku nimejifunga shuka la mtu nisiyemjua, na jua likizunguka upande wa magharibi.

Kurudi Arua

Nilimwambia Luteni Kombo habari ya mtihani tulipofika gatini, alasiri imekwisha. Aliniuliza kwa nini sikusema mapema, nikamwambia kwamba kusema kusingebadilisha kitu. Alikubali. Akaandika barua kwa mkono, akaitia muhuri, akaniagizia gari lililonifikisha kwenye basi la usiku dakika chache kabla halijaondoka. Usiku wenyewe sina la kusimulia, maana nililala kama gogo.

Niliamka kumepambazuka na basi limesimama kabla ya Nebbi. Tairi mbili za nyuma zilikuwa zimekwisha na ya akiba ilikuwa moja. Nilishuka, nikamweleza kondakta, naye akawaeleza abiria kwa sauti kubwa, na ghafla kila mtu akawa na shida yangu. Mzee mmoja alisimama katikati ya barabara na fimbo yake akazuia kila gari. Pikapu ya nyanya ikakubali. Nilikaa juu ya makreti, na dereva, ambaye hakutaka hata kunitajia jina, alinifikisha Arua mbele ya chuo ingawa yeye alikuwa anaishia sokoni. Ilikuwa saa nne na robo. Mtihani ulianza saa tatu.

Mlango ulikuwa umefungwa. Niliona migongo ya wenzangu dirishani. Daktari Ezati alitoka nje, akaisoma barua ya Luteni akiwa amesimama, akaisoma tena. Akasema anasikitika. Akinifungulia mimi, hana la kumwambia atakayechelewa kesho kwa sababu nyingine. Nilimwambia naelewa, na kwa kweli nilielewa. Maana yake nitaisubiri karatasi ile mwaka mzima, na nitavaa nyota mwaka mmoja baada ya wenzangu wa kisiwani.

Nilikaa kwenye ngazi. Nilinuka nyanya. Mtihani ulipokwisha na watu kutoka, aliniita ndani, akanipa karatasi ya maswali na kijitabu cha majibu.

"Haitakuwa na alama," alisema. "Lakini umesafiri kuja kuifanya. Ifanye."

Niliandika kwa muda wa saa tatu nzima. Alikaa mbele akisahihisha kazi nyingine, hakwenda kula. Nilipomaliza alichukua kalamu nyekundu akaisahihisha mbele yangu, swali kwa swali, akinionyesha nilipokosea, na hapakuwa pengi. Mwishoni aliniuliza jinsi tunavyopata mwelekeo ziwani kama simu haina mtandao. Nikamchorea ubaoni. Aliuliza maswali kama mwanafunzi.

Nyumbani

Koboko nilifika kesho yake mchana. Habari ya kuzama ilikuwa imenitangulia, na Mama alinishika uso kwa mikono miwili, kisha akaenda kuweka enyasa, ugali wetu, motoni. Nilimsimulia Baba yote, pamoja na zile pumzi tatu. Nilipofika hapo aliinamisha kichwa, akasema vitani naye alikuwa na zake, akaniacha niendelee.

Nilimwonyesha kijitabu. Baba hasomi hisabati, lakini alipitisha kidole kwenye kila alama nyekundu ya sahihi, kurasa zote, mpaka mwisho.

"Hii yote ni sawa?"

"Karibu yote, Baba."

"Na wanahesabu?"

"Hawahesabu. Nitafanya tena mwaka ujao."

Baba akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa plastiki ambamo anaweka karatasi zake za kustaafu na cheti cha baba yake. Akakunja kijitabu changu mara moja, kwa uangalifu, akakiweka katikati ya karatasi hizo, akaufunga mfuko.